Jina Juu, Namba Chini

Ukitaka kujua ni nani aliyetengeneza chombo cha umeme kilichomo nyumbani mwako, usiishie kwenye jina lililoandikwa mbele kwa herufi kubwa. Kipindue. Chini yake au mgongoni kuna kibandiko, pengine kibati kidogo, ambacho wengi wetu hatukitazami mpaka siku chombo kinapogoma. Hapo pana namba ya modeli, volti, wati na nchi kilikotengenezwa. Kazi ya kukarabati vifyonza vumbi mjini Columbus, jimbo la Ohio, ilinizoesha kuanzia hapo, na tangu nilipojua kusoma vibandiko hivyo sijapata kununua friji, pasi wala blenda kwa kuangalia jina peke yake.

Nilifika Marekani nikitokea Tanga, na kama wenzangu wengi wa Afrika Mashariki, kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya usafi wa maofisi usiku. Nyumbani kwetu sakafu ni ya saruji au vigae: unafagia, unapiga deki, umemaliza. Zulia tulilijua la msikitini na la sebuleni kwa wenye nafasi. Ohio nikakuta ghorofa nzima imetandikwa zulia ukuta hadi ukuta, na vumbi la siku nzima limezama katikati ya nyuzi mahali ambapo ufagio haufiki. Nikakabidhiwa mashine nzito ya kusimama, yenye mpini mrefu na mfuko wa kitambaa.

Mashine zile zilikuwa zikipoteza nguvu, na desturi ya pale kazini ilikuwa kuziweka pembeni zisubiri mpya. Roho iliniuma. Mtu aliyekulia mahali ambapo redio hufunguliwa, husafishwa na kufungwa tena kabla haijafikiriwa kununuliwa nyingine, hawezi kuona mota nzima ikitupwa. Nilipozifungua nikakuta kwamba nyingi hazina ugonjwa wowote. Nywele na nyuzi zimejisokota kwenye brashi hadi haizunguki, au mkanda wa mpira umekatika, au mfuko umejaa hadi hewa haina pa kupita. Nikaenda kutafuta mikanda kwenye duka moja la fundi, na huko ndiko nilikopata kazi ya mchana. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kimarekani aliyekulia North Canton, saa chache kutoka Columbus. Aliona jinsi ninavyoishika mashine, akaniuliza kama nataka kujifunza. Nikamwambia nataka.

Rafu za duka lile zilikuwa na historia kamili. Palikuwa na Electrolux za chuma, ndefu na za kulala, zenye vyuma viwili vya kuteleza chini badala ya magurudumu, mtindo ambao kampuni hiyo ya Uswidi iliuanzisha mwaka 1921. Palikuwa na Kirby za alumini iliyong'arishwa. Palikuwa na Hoover Constellation ya miaka ya 1950, yenye umbo la tufe, ambayo hewa inayotoka ndani yake huelekezwa chini ikaiinua kidogo kutoka sakafuni, ukaivuta huku inaelea. Mzee alikuwa akiwasha mashine hizi kila baada ya muda ili zisilale. Nyingi zilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, nazo zilifyonza.

Kilichonivutia zaidi ni habari ya mtu aliye nyuma ya mashine za Hoover. James Murray Spangler alikuwa mfagizi wa duka kubwa mjini Canton, Ohio, naye alikuwa na pumu. Vumbi la mazulia lilikuwa likimbana kifua kila alipofagia. Akachukua mota ya umeme, feni, sanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaviunganisha vikawa chombo cha kunyanyua vumbi kutoka kwenye zulia na kulipuliza ndani ya foronya. Juni 1908 alipata hataza yake. London tayari kulikuwa na mashine ya Hubert Cecil Booth tangu 1901, lakini ile ilikuwa kubwa mno, ikivutwa na farasi na kusimamishwa nje ya nyumba huku mabomba yake yakipitishwa madirishani. Ya Spangler iliweza kusukumwa na mtu mmoja ndani ya chumba.

Spangler hakuwa na mtaji. Haki za mashine yake zilichukuliwa na William Henry Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi kwa ajili ya farasi, ambaye mkewe Susan alikuwa na udugu na Spangler. Magari yalikuwa yanaanza kuwaondoa farasi barabarani, na Hoover alihitaji biashara nyingine. Hakumtupa Spangler, alimweka kazini na kumlipa mrabaha hadi alipofariki mwaka 1915. Hata hivyo jina lililowekwa kwenye mashine lilikuwa Hoover. Mimi niliyekuwa nikifagia ofisi usiku nilijua wazi ninasimama upande wa nani katika habari hiyo. Mashine iliyoubadilisha usafi wa nyumba duniani ilitoka mikononi mwa mfagizi, na wengi wanaoisukuma hawajawahi kulisikia jina lake.

Tangu mwanzo kabisa, basi, jina na mkono vilitengana. Kadiri nilivyokaa dukani ndivyo nilivyozidi kuona kwamba biashara yote ya vyombo vya umeme imejengwa juu ya mtengano huo.

Fuata safari ya jina Hoover. Mwaka 1985 kampuni ilinunuliwa na Chicago Pacific. Mwaka 1989 ikaingia mikononi mwa Maytag. Mwaka 1995 Maytag ikaiuza Hoover ya Ulaya kwa Candy ya Italia. Mwaka 2006 Whirlpool ikainunua Maytag, na mwaka uliofuata ikaiuza Hoover ya Marekani kwa Techtronic Industries ya Hong Kong. Kiwanda cha North Canton kikafungwa mwaka huohuo wa 2007. Candy nayo ikanunuliwa na Haier ya China mwaka 2019. Matokeo yake, Hoover inayouzwa Ohio na Hoover inayouzwa Italia ni mali ya makampuni mawili yasiyohusiana, na hakuna hata moja lililo North Canton.

Mzee mwenye duka alikuwa na jamaa waliofanya kazi katika kiwanda kile maisha yao yote. Aliponieleza jinsi kilivyofungwa hakupandisha sauti. Alichukua mashine ya kijani iliyokuwa mezani, akanionyesha jinsi vifuniko vyake vilivyokutana bila mwanya, akasema waliovifunga walikuwa wakijua kwamba jirani yao huenda ndiye atakayeinunua. Mashine mpya zenye jina lilelile ziliendelea kufika dukani. Wateja walizileta wakidai kwamba Hoover siku hizi imeharibika. Ukweli ni kwamba Hoover waliyoifahamu haikuharibika, iliondoka. Jina lilibaki, na watu walioliletea heshima waliagwa.

Electrolux inafundisha jambo hilohilo kwa namna nyingine. Mwaka 1968 kampuni ya Uswidi iliuza hisa zake katika kampuni ya Electrolux ya Marekani, na jina likaenda na hisa. Kwa miaka zaidi ya 30 Waswidi wenyewe hawakuweza kuuza vifyonza vumbi vyao Marekani kwa jina lao. Waliinunua Eureka mwaka 1974 na kuuza kwa jina hilo. Walipolirudisha jina lao mnamo 2000, kampuni ya Kimarekani iliyokuwa ikilitumia ikaitwa Aerus. Mteja aliyeingia dukani kwetu akisema ana Electrolux hakuwa ametuambia chochote bado. Tulilazimika kumwuliza ni ya lini, imenunuliwa wapi, na namba yake ni ipi.

Lakini mwalimu wangu mkuu alikuwa Kenmore. Jina hilo lilikuwa la Sears, na Sears ilikuwa duka, si kiwanda. Ilikuwa na katalogi iliyoingia karibu kila nyumba ya Marekani, na kuanzia 1927 iliuza mashine za kufulia zenye jina la Kenmore. Mtengenezaji alikuwa mwingine. Tangu 1916 Sears ilikuwa ikichukua mashine za kufulia kwa kampuni ndogo ya Upton ya Michigan, kampuni ambayo baadaye ilikua ikawa Whirlpool. Kadiri miaka ilivyokwenda, jina Kenmore lilibandikwa kwenye majiko, friji, cherehani na vifyonza vumbi vilivyotoka viwanda mbalimbali, na mteja alidhani vyote ni ndugu wa tumbo moja.

Sears yenyewe ilihitaji kujua kipi kimetoka wapi, ndiyo maana namba ya modeli ya Kenmore huanza na tarakimu tatu, kisha nukta. Tarakimu hizo tatu ndizo za mtengenezaji. Mashine ya kufulia inayoanza na 110 ni ya Whirlpool. Cherehani inayoanza na 385 ni ya Janome ya Japani. Kwa vifyonza vumbi vilivyopita mikononi mwangu, namba iliyojirudia sana ilikuwa 116, nayo ilinipeleka kwa Panasonic. Vilitengenezwa Danville, Kentucky, katika kiwanda kilichokuwa cha Whirlpool kabla ya kununuliwa na Matsushita, kampuni ya Kijapani yenye chapa ya Panasonic. Kiwanda kilibadili mwenyewe, na mafundi wakaendelea kuingia kazini kwa lango lilelile.

Siku moja aliingia mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akifanya kazi ya usafi hotelini. Alikuwa na Kenmore yake ya kuvuta na alitaka mifuko ya vumbi. Mifuko ya Kenmore ilikuwa imetuishia. Nilikuwa na ya Panasonic.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mimi nataka ya Kenmore. Hiyo mingine itaniharibia mashine."

"Mama, naomba dakika moja nikuonyeshe. Usiporidhika, sikuuzii."

Nikachomoa mfuko wa zamani uliokuwa ndani ya mashine yake, ule aina ya C, wenye namba 5055. Nikafungua pakiti ya Panasonic iliyoandikwa C-5. Nikavilaza vyote viwili kaunta, kadi ya juu ikitazama juu. Kipande cha kadi kilikuwa cha ukubwa uleule. Tundu la kuingizia bomba lilikuwa mahali palepale, na kizibo cha mpira kinachozuia vumbi lisirudi kilikuwa cha duara lilelile. Nikapachika kadi ya mfuko mpya juu ya kadi ya ule wa zamani, pembe hazikupishana. Mama akapitisha kidole ukingoni, akazigeuza, akatazama mishono ya karatasi.

"Kumbe ni yuleyule," akasema, "kabadili kanzu tu."

Nikausukuma mfuko mpya ndani ya mashine yake, nikafunga kifuniko, nikaiwasha. Aliisikiliza kama asikilizavyo mtu mwenye mazoea na mashine yake, akatikisa kichwa kukubali, akachukua pakiti mbili.

Tangu siku hiyo nilifanya hivyo kwa kila mteja aliyesitasita. Kushirikiana viwanda kunaonekana kama hila ya wafanyabiashara, lakini kwa fundi na kwa mwenye kipato kidogo ni neema. Spea isiyopatikana kwa jina moja hupatikana kwa jina jingine, mara nyingi kwa bei nafuu. Ndani zaidi ushirika huo ni mkubwa kuliko mteja anavyodhani. Mota za Lamb, za kampuni ya Ametek, zimo ndani ya mashine za chapa nyingi za Marekani. Ulaya kuna Domel, kiwanda kilicho katika mji mdogo wa Železniki nchini Slovenia, ambacho mota zake zimezungushwa ndani ya mashine za majina makubwa kwa miaka mingi. Huko Suzhou, China, Ecovacs, inayojulikana leo kwa roboti za kufagia, ilianza mwaka 1998 kwa kutengeneza vifyonza vumbi vya kubandikwa majina ya wengine. Watu waliofunga mota hizo hawamo katika tangazo lolote.

Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini, maana nimesikia watu wakilikosea. Kutoka kiwanda kimoja si kuwa kitu kimoja. Mwenye jina huandika masharti: waya uwe mrefu kiasi gani, bomba liwe la chuma au la plastiki, mota iwe na beringi au bushi, brashi iendeshwe na mota yake au na hewa tu. Kiwanda hutengeneza kwa masharti hayo na kwa bei hiyo. Nimefungua mashine mbili zenye gamba la kufanana kabisa, moja ikiwa na kinga ya joto inayozima mota kabla haijaungua, na nyingine haina. Kampuni ya Tacony hutengeneza chapa mbili, Riccar na Simplicity, katika kiwanda kilekile cha St. James, Missouri. Kinachomfaa mnunuzi ni kulinganisha modeli kwa modeli. Kujua kiwanda hukwambia uanzie wapi kuchunguza. Hakukuondolei kazi ya kuchunguza.

Mashine za zamani nazo nilijifunza kuziheshimu kwa sababu zenye maana. Si kwamba watu wa kale walikuwa wema kuliko sisi. Ni kwamba mashine nyingi zile zilifungwa kwa skurubu. Unaondoa kifuniko, unaiona mota yote. Kaboni mbili zinazogusa kichwa cha shaba cha mota, ambayo huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, huisha kama ilivyopangwa ziishe. Unazichomoa, unasafisha shaba, unaweka mpya, unatia beringi, na mashine inaendelea kizazi kingine. Nyingi za kisasa zimegandishwa kwa gundi na vibano ambavyo ukivifungua vinavunjika. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini Kirby na Electrolux zilitembezwa mlango kwa mlango miaka mingi na zilikuwa nzuri kwelikweli. Aliyeziuza alirudi mtaa uleule na kuulizwa. Kujua kwamba utaulizwa hubadilisha kazi ya mikono.

Haya yote yanatuhusu nyumbani. Kampuni za Nairobi zenye chapa kama Ramtons na Von huagiza vyombo kutoka viwanda vya nje na kuviuza kwa majina yao, na hakuna ubaya wowote. Ndivyo Sears ilivyofanya. Ubaya huja pale mnunuzi anapoambiwa jina na rangi tu, bila kuambiwa spea zitapatikana kwa muda gani na fundi yupo wapi. Muuzaji wa Kariakoo au wa Biashara Street anayejua kwamba mkanda wa chapa hii unaingia kwenye chapa ile ana elimu inayostahili kuandikwa. Mafundi wetu wameubeba ujuzi huo kichwani kwa miaka mingi, wakasuka mota, wakachonga bushi, wakabaini pampu za mashine tatu zenye majina tofauti kuwa pampu moja. Mzee wa Ohio alikuwa na daftari lake la namba, mtengenezaji na spea mbadala. Nimeirithi tabia hiyo kwake, na ninamshauri kila kijana anayeingia kwenye kazi hii awe na la kwake.

Wenzangu wa ughaibuni wanaojaza makontena kwenda Dar es Salaam na Mombasa nawasihi wasome kibandiko kabla hawajapakia. Kifyonza vumbi cha Marekani kimetengenezwa kwa volti 120, na umeme wetu ni volti 230 au zaidi. Mota yake haijali sana hezi, lakini volti mara mbili huiunguza mara tu inapochomekwa, na zawadi ya mama inakuwa moshi. Inahitaji transfoma inayomudu wati zake, na mara nyingi bei na uzito wa transfoma hiyo hufanya iwe busara zaidi kununua mashine huko huko nyumbani.

Mnunuzi ana maswali matatu ambayo nimeyaona yakiokoa fedha za watu kuliko jina lolote. Nani amekitengeneza? Kinafunguka kwa bisibisi ya kawaida? Mfuko, mkanda, kaboni na chujio vyake vinauzwa wapi? Muuzaji anayejibu yote matatu anastahili fedha yako, hata kama jina la chombo chake hujawahi kulisikia. Asiyejibu, hata awe na jina kubwa la Ulaya au Marekani, anakuuzia herufi.

Kwa upande wangu, ninaamini kwamba heshima ifuate mkono uliofanya kazi. Spangler aliyebuni akiwa na ufagio mkononi, mafundi wa Danville walioona vibao vya langoni vikibadilishwa, wasichana na vijana wa Suzhou wanaofunga mota zitakazoitwa majina ambayo hawakuyachagua, na fundi wa Kariakoo anayezifufua baadaye, hao ndio wenye mashine. Tunaponunua kwa kuuliza habari zao, tunawalazimisha wenye majina watoe majibu, na chombo kinachotoka kwa watu wanaojua kwamba wataulizwa hudumu nyumbani mwetu muda mrefu zaidi.